Fahamu: Ghorofa linalotoka kiwandani

Ni nini? Ni nguzo, boriti, kuta na vipande vya sakafu vinavyomwagwa zege kwenye kalibu kiwandani na kumwagiliwa maji hadi vikomae. Kwenye kiwanja, kreni huvinyanyua na mafundi huviunganisha kwa nondo na zege.

Faida yake? Kalibu moja hutumika mara nyingi, mbao hupungua, na kuta hutengenezwa huku msingi ukichimbwa.

Hatari iko wapi? Kwenye maungio. Mei 16, 1968, gesi ililipuka ghorofa ya 18 ya Ronan Point, jengo jipya la aina hii, la ghorofa 22, jijini London. Ukuta wa pembeni ukasukumwa nje, sakafu za juu zikakosa pa kuegemea, zikaporomoka na kubomoa za chini. Watu wanne walikufa. Jengo lilipobomolewa 1986, baadhi ya maungio yalikutwa yamejazwa magazeti badala ya zege.

Nini kilibadilika? Mwaka 1970, kanuni za Uingereza zilianza kudai majengo ya ghorofa tano na zaidi yahimili kupoteza sehemu moja bila kuporomoka kupita kiasi.

Ukitaka kununua nyumba ya aina hii, uliza kwanza nani alikagua maungio.