Vinyo ya Italia na shaba ya kwetu

Kwenye mafunzo ya mwezi uliopita mama mmoja wa koperative alinionyesha chupa tupu ya Barolo aliyookota nyuma ya oteli moja hapa Kolwezi. Akauliza: «Agronomu, juu ya nini hii vinyo ni bei kali vile? Na sisi hatuwezi kupanda ile muzabibu?»

Bei inatoka kwanza kwa kungojea. Barolo inatengenezwa Piemonte, kaskazini mwa Italia, kwa zabibu za Nebbiolo peke yake. Sheria inakataza kuiuza mbele ya miezi 38, na miezi 18 kati yake inapita ndani ya pipa la mbao. Ikiwa changa inakausha mdomo, sababu ya maganda na mbegu. Hewa kidogo inayopenya mbao njo inailainisha polepole. Familia yenye shamba inalipa vibarua na mapipa leo, makuta inarudi kisha miaka mitatu na zaidi. Nani kati yetu anaweza kungojea vile?

Lakini swali la kupanda linanishika zaidi. Adui mkubwa wa mzabibu ni mildiu, ugonjwa wa majani unaopenda maji. Tangu 1885, Millardet wa Bordeaux alipotangaza dawa ya sulfati ya shaba na chokaa, wakulima wa Ulaya wananyunyiza shaba. Na shaba haiozi. Inabaki kwenye udongo mwaka kwa mwaka, inaua minyoo, inadumaza mizizi. Leo Umoja wa Ulaya unaruhusu kilo 28 tu kwa hektari kwa miaka saba.

Sisi sasa, karibu na migodi, udongo umeisha kupata shaba bila mtu kunyunyiza. Wazee wanajua pale porini miti inapokataa kuota, kunabaki majani mafupi tu. Tena mvua yetu ingetulazimisha kunyunyiza kila mara. Dodoma, Tanzania, wanavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, lakini mvua yao ni karibu nusu ya yetu.

Kwa hiyo using'oe mihogo. Mwenye kutaka kujaribu apande miche michache karibu na kisima, mbali na barabara ya malori ya madini, akate matawi mwezi wa tano ili zabibu ziive kiangazi. Mbele ya yote, pima udongo, hata kama unalima maharagwe tu: chukua sehemu kumi za shamba, kina cha sentimita 20, changanya, mpe agronomu wenu nusu kilo. Tumia ndoo ya plastiki, sababu ya chuma inaweza kudanganya kipimo.