Kipimakasi cha Ndege Kinapodanganya

Rubani wa ndege ndogo anapoikimbiza ndege yake uwanjani ili iruke, hana budi kukitupia jicho kipimakasi. Mshale ukikataa kuondoka kwenye sifuri, hali ndege yaenda mbio, hufunga breki papo hapo. Akiruka bila kujua mwendo wake, aweza kwenda polepole kupita kiasi, mabawa yakashindwa kuibeba ndege, nayo ikaporomoka.

Yafaa kufahamu kwanza kwamba chombo hiki hakipimi kasi yenyewe, bali hupima tofauti ya kanieneo mbili. Mrija ulioelekezwa mbele hupokea kanieneo ya hewa inayougonga. Tundu dogo lililo ubavuni mwa ndege hupokea kanieneo ya hewa tulivu. Ndani ya chombo mna kibweta chembamba cha metali: hewa ya mrija huingia ndani yake, na hewa ya tundu hukizunguka. Kibweta kikivimba, mshale husogea. Mrija huo huitwa mrija wa Pitot, kwa jina la Mfaransa Henri Pitot, ambaye mwaka 1732 alipima kwa njia hiyo mwendo wa maji ya mto Seine.

Kwa kuwa njia za hewa ni mbili, ubovu hutambulikana kwa dalili zake. Mdomo wa mrija ukizibwa, na kitundu chake cha kutolea maji kikabaki wazi, mshale huanguka hadi sifuri. Vikizibwa vyote viwili, hewa hunaswa ndani ya mrija. Ndege inapopanda, kanieneo ya nje hupungua, kibweta huvimba, na mshale huonyesha kasi inayoongezeka hata kama mwendo unapungua. Tundu la ubavuni likizibwa, kipimakimo nacho huganda, maana hutumia tundu hilo hilo. Kipimakasi huonyesha kasi pungufu ndege ikipanda, na kasi ya kuzidi ikishuka. Mpira wa mrija ukivuja, kasi ionyeshwayo huwa pungufu.

Dalili ya pili ndiyo ya hatari zaidi. Tarehe 6 Februari 1996, ndege ya abiria aina ya Boeing 757 ilianguka baharini karibu na Puerto Plata, katika Jamhuri ya Dominika, wakafa watu wote 189. Wachunguzi waliona kwamba mrija wa upande wa rubani mkuu ulikuwa umezibwa, yaelekea na nyigu wajengao kwa udongo. Kipimakasi chake kilionyesha mwendo mkubwa, kumbe ndege ilikuwa ikipungua kasi. Kwa hiyo mirija hufunikwa ndege inapoegeshwa, na rubani hukagua kabla ya kuruka kama kifuniko kimeondolewa.

Fundi hapulizi kamwe hewa ya nguvu katika mrija uliounganishwa na chombo, kwani kibweta chaweza kupasuka. Hufungua kwanza kiungo kilicho nyuma ya chombo, ndipo asafishe. Kisha hupima kwa manometa ya maji, yaani mrija wa umbo la U. Kanieneo huongezeka kwa mraba wa kasi. Karibu na usawa wa bahari, kasi ya kilomita 90 kwa saa huinua maji kwa sentimita 4 hivi. Kilomita 180 kwa saa huyainua kwa sentimita 16 hivi. Fundi huongeza kanieneo taratibu hadi maji yafikie sentimita 16, akafunga njia, akautazama mshale. Usipofikia 180, chombo ndicho kibovu. Ukifika kisha ukarudi nyuma, pana mahali panapovuja.

Manometa kama hiyo yaweza kutengenezwa darasani kwa mpira mwembamba unaopitisha mwanga, rula na maji yaliyotiwa rangi. Mwanafunzi akipuliza polepole, ataona jinsi pumzi ndogo inavyotosha kulingana na mwendo wa ndege. Hapo atafahamu kwa nini kiota cha nyigu, au tone la maji, laweza kumpoteza rubani hodari.