Sonona ya Mama, Hofu ya Mtoto: Watibiwe Pamoja

Mama mwenye sonona akibahatika kufika kwa mtaalamu, huandikiwa dawa au hupangiwa siku za kuzungumza na mshauri, na mtoto wake hubaki nje kwenye benchi na shangazi. Mtoto huyo huyo huenda naye anaugua. Hamwachi mama hata aende chooni, kila asubuhi analia kwenye geti la chekechea, usiku halali mpaka ashikwe mkono, na wakubwa humwita mdekaji wakisubiri akue. Kuwatenganisha wawili hawa ni kosa. Maradhi yao yanalishana, na kwa mtoto mdogo tiba inayofika mbali ni ile inayogusa kile kinachopita kati yake na mama.

Katika miaka ya 1970, mtafiti wa Marekani Edward Tronick aliwaomba akina mama wacheze na vichanga vyao kama kawaida, kisha wakae mbele yao kwa dakika chache bila kutabasamu wala kujibu. Kichanga hucheka, hutoa sauti, hunyoosha mikono kumwita mama arudi. Akikosa jibu hugeuza uso, hunywea, na mwisho huangua kilio. Hizo ni dakika chache tu. Sonona inaweza kuuweka uso ule mahali pake kwa miezi, na si kwa sababu mama hampendi mwanawe, bali ugonjwa umemnyang'anya nguvu ya kutabasamu na kubadilisha sauti. Mtoto hutazama uso wa mama ajue kama mgeni aliyeingia ni wa kuogopwa. Asipopata habari yoyote usoni pale, huchukua tahadhari.

Akifika miaka mitatu au minne, mambo huzidi kujifunga. Mama aliyechoka hana ubavu wa kushindana na kilio. Humruhusu asiende shule leo, humjibia mgeni anapoulizwa jina, humlaza kitandani kwake. Nyumba hutulia kwa saa moja, lakini mtoto amekosa nafasi ya kugundua kwamba hofu hupanda kisha hushuka yenyewe. Kesho analia zaidi, mama anajiona hafai, na hakuna kinachoinenepesha sonona kama kujiona hufai.

Wapo watakaosema: basi mtibuni mama, mtoto atafuata. Hoja hiyo ina uzito. Mwaka 2006, Myrna Weissman na wenzake wa Marekani walichapisha utafiti wa akina mama 151 waliokuwa wakitibiwa sonona. Kati ya watoto waliokuwa na tatizo la akili mwanzoni, asilimia 33 walipona pale mama alipopona ndani ya miezi 3, lakini ni asilimia 12 tu pale mama aliposalia mgonjwa. Kwa hiyo kumtibu mama si jambo la kujadili. Ila watoto wale walikuwa na umri wa miaka 7 hadi 17. Kwa wadogo zaidi habari ni nyingine. Huko Pakistani, Atif Rahman na wenzake waliwafundisha wahudumu wa afya wa vijijini kuwasaidia akina mama wenye sonona tangu ujauzito, katika utafiti wa wanawake 903 uliochapishwa mwaka 2008. Miezi 6 baada ya kujifungua, waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23, wakati katika kundi la kulinganishia walikuwa asilimia 53. Ni mafanikio makubwa. Lakini watoto walipopimwa wakiwa na miaka kama 7, makundi mawili hayakutofautiana kimaendeleo, si kiakili wala kihisia. Akina mama wengi walikuwa wamepona. Hilo peke yake halikutosha.

Mama na mtoto walipotibiwa pamoja, mambo yalibadilika. Mjini Rochester, Marekani, Sheree Toth na wenzake waliwakutanisha na mtaalamu, kwa pamoja, akina mama waliowahi kupata sonona kali na watoto wao wa karibu miezi 20. Mwishoni, watoto wenye uhusiano salama na mama walikuwa takriban asilimia 67, na kwa wale wasiopata tiba hiyo asilimia 17. Uhusiano wa namna hiyo si sawa na kutokuwa na hofu, na sitaki msomaji achanganye. Ndiyo maana kazi ya Joan Luby wa St. Louis, iliyotoka mwaka 2018, ina thamani: watoto 229 wa miaka 3 hadi 6, wenye sonona wao wenyewe. Waliotibiwa pamoja na mzazi walipungukiwa sonona, na wasiwasi pia, kuliko waliokuwa wakisubiri zamu. Wazazi nao walipungukiwa dalili za sonona, ingawa hawakuwa wao waliolengwa.

Tiba aliyoitumia Luby haina makuu. Chimbuko lake ni mbinu ambayo Sheila Eyberg alianza kuijenga miaka ya 1970. Mama na mtoto huketi na vitu vya kuchezea, na mtaalamu huwatazama nyuma ya kioo akimnong'oneza mama kupitia kifaa cha sikioni. Mwanzoni mama haulizi maswali wala haamrishi. Anasema anachokiona: "Umeweka tofali jekundu juu ya la bluu." Anasifu jambo mahususi: "Umesubiri vizuri." Nyumbani wanarudia dakika 5 kila siku. Kwa mwenye sonona dakika 5 ndizo anazoweza, na katika dakika hizo anamwona mtoto akimgeukia kwa furaha, jambo ambalo huenda hajaliona kwa muda mrefu. Kwa mtoto mwenye hofu huongezwa ngazi za ujasiri: leo amsalimie jirani mama akiwa kando, wiki ijayo mama akiwa mlangoni. Sifa inakwenda kwa kuthubutu, hata sauti ikitetemeka.

Je, huku si kumtwisha mama lawama? Naichukua hofu hii kwa uzito, maana mwenye sonona hujilaumu kabla hajalaumiwa. Lakini tiba haisemi yeye ndiye chanzo. Hofu ya mtoto hutokana na mengi, urithi ukiwemo, na kumpa mama kazi anayoiweza kunampunguzia lawama kuliko kumwambia asubiri nje.

Wengine wataona haya ni mambo ya Ulaya na Marekani, huku kwetu mtoto analelewa na wengi. Lakini Mary Ainsworth, ambaye kazi yake ndiyo msingi wa vipimo vya Rochester, alianza kwa kuwatazama akina mama na watoto katika vijiji vya Buganda mwaka 1954 na 1955. Na bibi akiwa ndiye anayeshinda na mtoto, aketi naye mkekani, mbinu haimzuii.

Hoja ya gharama na umaskini ndiyo nzito zaidi. Kioo na kifaa cha sikioni hatuna, na mazungumzo hayalipi kodi ya nyumba. Lakini wilayani Lira, kaskazini mwa Uganda, Daisy Singla na wenzake walijaribu vikao 12 vya vikundi, vikiongozwa na wanajamii wenyewe, kwa akina mama na akina baba wenye watoto wa mwaka 1 hadi 3. Walifundisha mchezo, mazungumzo na mtoto, na namna ya kumudu hisia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha watoto wamepanda kiakili na kilugha, na dalili za sonona kwa akina mama zimepungua, katika vijiji ambavyo umaskini ulikuwa haujaondoka. Kliniki zetu za watoto wa chini ya miaka 5 tayari zinawakutanisha mama na mtoto kwa ajili ya mizani na chanjo. Nesi anaweza kumuuliza mama kama kwa wiki 2 zilizopita amekuwa na huzuni au amepoteza hamu ya mambo, kisha amuulize jinsi mtoto anavyolala na anavyoachana naye. Mama akisema anawaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, vikao vya mchezo visubiri. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, akisindikizwa.