Mashini ya Sataranji Nyumbani: Namna ya Kuanza

Kuna kitu kimoja ambacho mara ingine kinaingia ndani ya nyumba zetu bila mtu kujua jina lake. Ndugu anakitoa Ulaya katika valizi, ao mama anakikuta sokoni kati ya radio za zamani na pasi za umeme. Ni ubao wa plastiki wenye miraba 64, pembeni taa ndogo nyekundu, na vibutoni karibu kumi. Watoto wanakibonyeza, kinalia «pii», basi. Kisha siku mbili kinapanda juu ya kabati, na watu wanasema: «Ile kintu ilikufa.»

Haikufa. Ni ordinateri ya sataranji, ndiyo mchezo ule tunaozoea kuuita esheki. Kazi yake ni moja tu: kucheza na mtu ambaye hana mtu wa kucheza naye. Ukiwa nayo, ao ukitaka kununua ya jirani, soma kwanza haya.

Ya kwanza kuuzwa kwa watu wa nyumbani ilitoka Chicago, kule Marekani, mwaka 1977, katika kiwanda cha Fidelity. Kisha Wajerumani wa Munich wakaleta zao zenye jina la Mephisto (jina la shetani katika hadithi za kwao, lakini usiogope, ni biashara tu), na Saitek ya Hong Kong ikauza mashini nyingi zenye jina la bingwa Garry Kasparov. Hizo za Saitek ndizo watu wengi wanazipata mitumba, kwani zilitengenezwa nyingi na bei yake ilikuwa ya watu wadogo.

Tuanze na kurani, juu kwetu mambo mengi yanaharibikia pale. Kolwezi iko karibu na mabwawa mawili ya mto Lualaba, Nzilo ya mwaka 1952 na Nseke ya 1956, tena laini kubwa ya Inga, kilomita 1.700 hivi, inaishia kwetu tangu miaka ya 1980. Lakini kila mama anajua namna kurani inakatika wakati bukari iko juu ya rishoo, na namna inarudi kwa nguvu mpaka lampi inapasuka. Mashini ya sataranji ni kitu kidogo, haivumilii ile. Kabla ya kuchomeka adaptateri yoyote, geuza mashini, soma maandishi madogo: volti ngapi? Tena tafuta mchoro wa kiduara chenye nukta katikati, pamoja na alama za plasi na minasi. Mchoro ule ukiwa juu ya mashini, lazima ufanane na ule wa juu ya adaptateri. Ukikosea plasi na minasi, mashini inaweza kufa mara moja, na hakuna fundi wa mtaani atakayekupa ile kichwa yake ya ndani. Kama maandishi yamefutika, acha adaptateri. Tumia pile.

Pile ziko za namna tatu: R6 ndogo, R14 ya katikati, na R20 nene ya tochi kubwa. Weka zote mpya, usichanganye mpya na za zamani. Kisha, na hapa ndipo mashini nyingi «zinafia», tafuta tundu dogo chini ya mashini lenye maandishi ACL ao RESET. Ingiza kijiti ndani, bonyeza kidogo, achilia. Baada ya kubadilisha pile, kichwa cha mashini kinabaki kimechanganyikiwa mpaka ufanye vile. Watu wamezitupa mashini nzima juu ya kijiti cha kusafisha meno.

Sasa herufi. Kitabu cha maelezo, kama bado kiko, mara nyingi ni cha Kiingereza ao Kijerumani, na watoto wetu wanasoma Kifaransa. Angalia vizuri: kwa Wafaransa R ni mfalme, lakini kwa Waingereza R ni mnara! Mfalme wao ni K, malkia ni Q, farasi ni N. Mjerumani naye anaandika T kwa mnara, sawa na Mfaransa, lakini farasi wake ni S. Ndiyo maana mtoto anaweza kuona mashini inaonyesha R na akafikiri inataka kumsogeza mfalme. Tena kuna ile pioni yenye kofia iliyopasuka, inayotembea kwa pembe: Waingereza wanamwita askofu, Wafaransa wanamwita mwenye wazimu. Tunawaachia wasomaji wetu mapadri wachague.

Panga ubao ili pembe ya kuume, karibu na mkono wako, iwe mraba mweupe. Malkia mweupe anakaa juu ya mweupe, malkia mweusi juu ya mweusi. Bonyeza kibutoni cha mchezo mpya. Askari yako wa mbele ya mfalme yuko juu ya e2: mshike, gusa e2 kwa kukandamiza kidogo, mashini inalia, mpeleke e4, kandamiza tena. Umecheza. Mara ile ile taa mbili zinawaka, moja upande wa herufi, moja upande wa namba. Fuata mistari miwili kwa kidole mpaka inapokutana: ndipo pioni ya mashini inapotoka. Ikandamize pale, taa zinahama, zinaonyesha inapokwenda. Wewe ndiwe unaisogeza, juu mashini haina mikono. Watoto wanacheka sana kwa hii, wanasema wamekuwa maboi ya mashini.

Zile ndogo za mkononi, zenye ekrani, hazina taa. Zinaandika tu «e7 e5», na wewe unafanya.

Baada ya dakika kumi utasikia kilio: «Papa, hii mashini inaniiba!» Karibu kila mara mashini haiibi. Sauti ile mbaya inamaanisha kwamba mchezo uliobonyeza hauruhusiwi, na sababu kubwa ni kwamba mfalme wako anapigwa esheki na hukuona. Sababu ingine: mtu alisukuma ubao, pioni ikahama, na sasa unachokiona wewe si kile mashini inachokumbuka. Mashini haioni pioni zako. Inakumbuka tu vile ulivyobonyeza. Nyingi zina kibutoni cha kuuliza pioni gani iko wapi, tumia kile. Na ukitaka kumficha mfalme nyuma ya mnara, bonyeza mfalme kwanza, miraba miwili, kisha mnara. Ukianza na mnara, mashini itafikiri umecheza mnara peke yake.

Mambo ya ngazi ni ya kufahamu mapema. Kila mashini ina ngazi nyingi, na vijana wanapenda kuanza na ile ya juu, kama mtu anayekwenda kujaribu lori la mgodini siku ya kwanza ya kujifunza kuendesha gari. Weka ya chini kabisa. Hata ile ya chini itakushinda, utaona. Kwa hiyo tunakushauri usianze na mchezo mzima. Kuna kibutoni cha kupanga pioni unavyotaka. Weka wafalme wawili na askari wote, toa vingine: mshindi ni wa kwanza kufikisha askari upande wa pili na kumfanya malkia. Mtoto wa miaka saba anaelewa. Kisha weka mfalme wako na minara miwili, na mashini ipewe mfalme peke yake. Mnara mmoja unafunga mstari, mwingine unapiga esheki mstari unaofuata, na mfalme wa mashini anarudi nyuma mstari kwa mstari mpaka ukuta unamzuia. Hiyo ndiyo «mati», neno la zamani la Waajemi la kusema mfalme amekwama, hana njia. Siku mtoto anaifanya mwenyewe bila kuambiwa, mashini inaimba kidogo, na nyumba nzima inajua.

Sasa papa na mama, tusikilizane vizuri. Mashini haichoki na haina huruma. Mwana wako atashindwa mara ishirini, thelathini, akiwa peke yake, usiku, na hakuna anayemwambia «umejitahidi». Mtu akicheza na rafiki, rafiki anakosea pia, wanacheka. Mashini haicheki. Kuna mtoto anayeinuka pale akiwa mgumu kuliko zamani, na kuna anayeamini kabisa kwamba yeye ni mjinga, na neno lile analipeleka mpaka kalasi ya hesabu. Papa anayetoka kazini saa kumi na mbili asubuhi, poste ya usiku, amechoka, na anasema «hata mashini inakushinda!» hajui amebomoa nini. Kaa karibu. Uliza: wapi ulipoteza malkia? Kuna kibutoni cha kurudisha mchezo nyuma. Si kuiba, ni kusoma. Mrudishe mpaka mahali pale, ajaribu njia ingine. (Na wewe wa poste ya usiku, unayelala mchana: mashini nyingi zina kibutoni cha kuzima sauti. Ibariki.)

Mwambieni vijana pia habari ya Kasparov. Mwaka 1985, kule Hamburg, alicheza na ordinateri 32 kwa mara moja, akitembea toka meza moja mpaka ingine, na akashinda zote 32. Miaka 12 tu ikapita. Mwezi wa tano 1997, New York, Deep Blue ya kampuni IBM, iliyoweza kupima nafasi milioni 200 kwa sekunde moja, ilimshinda katika michezo sita: yeye mmoja, mashini miwili, mitatu sare. Bingwa wa dunia mzima alishindwa na mashini, na akaendelea kucheza na watu. Basi mtoto wa Manika akishindwa na plastiki ya pile nne, asione haya.

Kwa maoni yetu, kazi nzuri kabisa ya mashini si kucheza. Ni kuwa arbitri. Nyingi zinaruhusu watu wawili kucheza juu ya ubao wake, na yenyewe inatazama tu: anayevunja sheria, inalia. Kwa njia ile yaya na mudogo wake wanaweza kucheza bila kupigana, na papa asiyejua mchezo anajifunza pamoja nao bila haya. Waiteni na wasichana. Kule Katwe, mtaa wa maskini wa Kampala, mwalimu mmoja wa kazi ya Kikristo, Robert Katende, alianza mwaka 2004 kufundisha watoto sataranji, na kikombe cha uji kilikuwa cha kuwavuta. Phiona Mutesi alifika mwaka 2005, akimfuata kaka yake, hakuwa shuleni. Mwaka 2012 yeye na Ivy Amoko walikuwa wanawake wa kwanza wa Uganda kupata cheo cha dunia cha mchezo huu, na mwaka 2016 filamu ikatoka juu ya maisha yake. Kilichomfikisha pale ni mwalimu na watoto wenzake mezani.

Wazazi wengine wanauliza kama mchezo huu ni dhambi. Ulizo ni la zamani. Kunako miaka ya 1060 mtakatifu Petro Damiani alimkaripia askofu wa Firenze aliyekesha akicheza sataranji, na akampa malipizi: Zaburi zote mara tatu, na kuosha miguu ya maskini 12. Askofu alijitetea kwamba sataranji si dadu. Upande mwingine, mtakatifu Teresa wa Avila aliutumia mchezo huu kama mfano alipofundisha masista wake kusali, na mwaka 1944 Wahispania walimfanya msimamizi wa wachezaji wa sataranji. Sisi tunaona hivi: bila feza mezani, na sala ya jioni ikiwa imeisha, chezeni. Ubaya ni kuweka franka. Vijana wetu wamekwisha kupoteza ya kutosha katika kubeti mipira.

Na bei? Minerval ya masomo kwanza, mashini nyuma. Ukiwa na simu ya ekrani, kuna programu za bure, kama Stockfish, zenye nguvu kuliko Deep Blue, na betri ya simu ile pengine ina kobalti iliyotoka chini ya miguu yetu. Lakini simu inaleta mambo mengi pamoja na sataranji, na mtoto ataondoka kwenye mchezo bila wewe kuona. Mashini ya zamani haina pa kwenda.

Mchezo ukiisha kwa muda mrefu, likizo ao safari ya Lubumbashi, toa pile zote. Zikivuja ndani, unga mweupe unakula vyuma; pangusa na kitambaa chenye tone la siki, kausha kabisa, ndipo urudishe zingine. Zilizokufa usizitupe katika shamba la lengalenga. Na kama pioni zimepotea, usihangaike: juu ya ubao wa kukandamiza, mashini haijui ni kitu gani kinaigusa. Kifuniko cha soda kinaweza kuwa mnara, harage linaweza kuwa askari, bora wote wawili mezani mkubaliane kabla ya kuanza.