Gurudumu la Chuma Lawarudishia Wasagaji wa Nepal Wateja

Msagaji wa milimani Nepal hanunui nishati. Mto unapita chini ya sakafu yake. Kinachomkwamisha ni kasi. Kinu chake, ghatta kwa Kinepali, kina gurudumu la mbao lililolazwa kama sinia. Maji hushuka kwa mfereji wenye mteremko mkali, hupiga mapanga ya gurudumu, na mhimili uliosimama wima huzungusha jiwe la juu bila gia wala mkanda. Kwa saa moja hupatikana kilo 10 hadi 20 za unga. Mteja humwachia mwenye kinu sehemu ya nafaka kama ujira.

Vinu hivyo vinakadiriwa kuwa 25,000 hivi. Mashine za dizeli zilipofika vijijini, wateja wenye haraka walihama. Lakini mafuta yote ya Nepal hutoka nje kupitia India, na mwaka 2015, njia za mpakani zilipozibwa, yaliadimika nchi nzima. Mto haukuwa na foleni.

Kilichobadili hesabu ni kifaa kimoja: gurudumu la chuma lenye mapanga yaliyobonyea kama upawa, linalofungwa mahali pa lile la mbao. Mawe, mfereji na kibanda hubaki vilevile. Uzalishaji hupanda na kufikia kilo 20 hadi 50 kwa saa. Shirika la Centre for Rural Technology, lililosambaza teknolojia hiyo, lilipata tuzo ya Ashden mwaka 2007.

Faida kubwa zaidi iko kwenye aina ya pili ya kinu kilichoboreshwa, yenye mhimili mrefu unaopokea mkanda. Kinu hicho hukoboa mpunga, hukamua mafuta na hata kuzalisha umeme kidogo. Msagaji anakuwa na huduma kadhaa za kuuza kwa maji yaleyale.

Hatari zipo. Mafuriko ya msimu wa mvua hubomoa mifereji. Kiangazi, maji hugombewa na wenye mashamba. Umeme wa gridi unasogea, na vijana wengi wameenda kutafuta kazi nchi za Ghuba.

Kwa hiyo gurudumu jipya si dawa ya kila kinu. Kabla ya kukopa ili kulinunua, mwenye kinu ahesabu kwanza nyumba zinazomletea nafaka na miezi ambayo mto wake haukauki. Hesabu hizo mbili zikikubali, chuma kitajilipa.