Fahamu: Goma hadi Walikale kwa ndege ni mbali kiasi gani?

Ukivuta mstari ulionyooka kutoka uwanja wa ndege wa Goma, mashariki mwa Kongo (DRC), hadi Walikale mjini, unapata takriban kilomita 130. Ndege ndogo aina ya Let-410, inayokwenda kama kilomita 350 kwa saa, huhitaji nusu saa hivi, ukihesabu kupaa na kutua. Kwa barabara, kupitia Sake na milima ya Masisi, ni zaidi ya kilomita 200. Mvua ikinyesha, lori hukwama kwenye tope na safari ikawa ya siku kadhaa.

Ndiyo maana Kilambo, katika eneo la Walikale, ilipata umaarufu. Pale hapakuwa na uwanja, bali kipande cha lami cha barabara ya zamani ya Kisangani–Bukavu. Magari yalisimamishwa, ndege ikatua katikati ya msitu, ikapakia magunia ya kasiteriti (madini ya bati) kutoka mgodi wa Bisie, ikarudi Goma.

Uwanja wa Goma nao una historia yake. Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia, na kwa miaka mingi ndege kubwa zilibanwa na ufupi wake. Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji, safari za abiria zilisimama. Kavumu, uwanja wa Bukavu ulio kilomita 85 hivi kusini, ulitekwa Februari.

Kwa mgonjwa wa Walikale anayehitaji upasuaji, hesabu ya nusu saa haina kazi tena. Kinachohesabiwa sasa ni vizuizi vya barabarani.