Gari la Kabureta Linapokohoa



Mbagala iko upande wa kusini wa Dar es Salaam, katika Wilaya ya Temeke. Barabara ya Kilwa hupita hapo. Tangu alfajiri magari huingia kutoka Vikindu na Mkuranga yakileta nazi, mihogo na mananasi. Mengi ni magari ya siku hizi. Petroli yake huongozwa na kompyuta ndogo. Lakini wako bado watu wenye magari ya zamani, kama Peugeot 404, Peugeot 504 na Datsun. Magari hayo mengi yana kabureta.

Magari hayo yalipata sifa kubwa katika Afrika Mashariki. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1966 na 1967 dereva wake alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Tanzania. Watu waliona gari likivuka matope na vumbi, nao wakaliamini.

Gari la namna hiyo likianza kukohoa, mafundi husema "linamisi". Maana yake ni kwamba silinda moja au zaidi haifanyi kazi sawasawa. Gari hutetemeka, hukosa nguvu, na hula petroli nyingi.

Tuseme mtu ana gari la kubebea mazao. Gari linamisi. Leo anaambiwa anunue kabureta. Kesho anaambiwa koili imekufa. Keshokutwa anaambiwa ni pampu ya petroli. Anakwenda Gerezani mara tatu kutafuta vipuri. Fedha ya karo ya watoto inakwisha, na gari bado linamisi. Mwisho inaonekana kwamba waya mmoja wa plagi ulikuwa umepasuka.

Hasara hiyo hutokana na kubahatisha. Katika somo hili tutajifunza neno moja kubwa: PIMA KWANZA, NUNUA BAADAYE.

INJINI INAHITAJI NINI?

Injini ya petroli inahitaji mambo matatu.

Kwanza, mchanganyiko mzuri wa hewa na petroli. Kilo 1 ya petroli huhitaji karibu kilo 15 za hewa ili iungue vizuri.

Pili, cheche ya moto yenye nguvu, inayotoka kwa wakati wake.

Tatu, mgandamizo. Pistoni ikipanda ni lazima ibane mchanganyiko ule, usivuje.

Jambo moja likipungua, injini hukohoa. Kwa hiyo kazi yetu ni kujua ni lipi kati ya hayo matatu limepungua.

Kabureta ndiyo huchanganya hewa na petroli. Ndani yake mna koo jembamba. Hewa ikipita katika koo hilo huenda mbio, nayo huvuta petroli kupitia vitundu vidogo viitwavyo jeti. Pembeni pana bakuli la petroli lenye boya. Boya hilo hufanya kazi kama boya la tangi la maji. Petroli ikijaa, boya hupanda na kufunga njia.

ULIZA KABLA YA KUFUNGUA

Daktari mzuri humwuliza mgonjwa kabla ya kumpa dawa. Fundi naye afanye vivyo hivyo. Soma mazungumzo haya:

Fundi: Shikamoo, mzee.

Mwenye gari: Marahaba, kijana wangu. Gari langu linakohoa.

Fundi: Limeanza lini?

Mwenye gari: Juzi, baada ya mvua.

Fundi: Linakohoa wakati gani zaidi?

Mwenye gari: Asubuhi. Jua likiwa kali linatulia.

Fundi: Basi, mzee, kabureta tuiache kwanza. Tutazame nyaya na kifuniko cha distribyuta.

Fundi huyu hajafungua hata skrubu moja, lakini amekwisha pata njia. Ugonjwa unaokuja na unyevu na kuondoka na jua, mara nyingi ni ugonjwa wa umeme.

Maswali mengine ni haya. Je, gari linamisi likiwa sailensa, yaani injini ikizunguka bila kukanyaga mafuta? Au linamisi likipanda mlima na mzigo? Je, limeanza baada ya kujaza petroli? Je, linazima likipata joto kwenye foleni? Kila jibu lina maana yake.

TAFUTA SILINDA INAYOKOSA

Magari mengi ya namna hii yana silinda 4. Unaweza kujua ipi haifanyi kazi bila kununua kitu.

1. Zima injini. Chomoa waya wa plagi ya kwanza.

2. Funga ncha ya waya huo igusane na chuma safi cha injini, mbali na kabureta.

3. Washa injini. Usiguse waya. Sikiliza.

4. Zima. Rudisha waya. Fanya hivyo kwa plagi ya pili, ya tatu na ya nne.

Ukiondoa waya na injini ikazidi kutetemeka, silinda ile ilikuwa inafanya kazi. Ukiondoa waya na sauti isibadilike, silinda ile ndiyo mvivu.

Kama mvivu ni silinda moja tu, usiilaumu kabureta moja inayolisha silinda zote. Tazama plagi ya silinda hiyo, waya wake, na valvu zake. Kama silinda zote zinakosa, ndipo ufikirie kabureta, koili au pointi.

SOMA PLAGI

Wewe uliyejifunza kusoma herufi, jifunze sasa kusoma plagi. Ifungue na utazame ncha yake.

Plagi ya rangi ya kahawia ni nzima. Mchanganyiko ni mzuri.

Plagi nyeusi na kavu, yenye masizi kama ya chungu, inasema: petroli ni nyingi, au hewa ni kidogo. Tazama chujio la hewa. Vumbi la barabara za udongo huliziba upesi. Tazama pia kama choki imekwama.

Plagi nyeusi yenye utelezi inasema: oili inaingia ndani ya silinda. Huenda ringi za pistoni zimelika.

Plagi nyeupe inasema: petroli ni kidogo, au joto limezidi.

Plagi iliyolowa petroli inasema: petroli imefika, lakini cheche haikufika.

Halafu fanya jaribio hili. Hamisha plagi ya silinda mvivu uipeleke kwa jirani yake. Uvivu ukihama pamoja na plagi, plagi ndiyo mbovu. Uvivu ukibaki palepale, plagi haina kosa.

POINTI, KONDENSA NA NYAYA

Injini ya silinda 4 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila plagi hutoa cheche mara 25 kwa sekunde moja. Kwa hiyo kosa dogo la umeme huleta kikohozi kikubwa.

Ndani ya distribyuta ya gari la zamani mna vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana. Hizo ndizo pointi. Nafasi yake zinapoachana ni ndogo sana. Katika magari mengi ni kati ya milimita 0.4 na 0.5. Nafasi ya plagi mara nyingi ni kati ya milimita 0.6 na 0.8. Kitabu cha gari lako ndicho kitakachokupa kipimo hasa. Pima kwa geji, usikisie kwa jicho.

Pointi zikiungua mara kwa mara, tazama kondensa. Ni kifaa kidogo na cha bei nafuu, lakini kikifa huharibu pointi mpya pia. Ukirekebisha pointi, pima pia taimingi, kwa maana wakati wa cheche hubadilika.

Kisha futa kifuniko cha distribyuta kwa kitambaa kikavu. Tafuta ufa mwembamba kama unywele. Usiku, fungua boneti gizani, injini ikizunguka. Ukiona cheche zikirukaruka juu ya waya, umempata mwizi wa umeme. Usimshike!

HEWA YA WIZI

Wakati mwingine injini huvuta hewa isiyopita katika kabureta. Huingia kupitia gasketi iliyopasuka au mpira uliozeeka. Hewa hiyo huipunguza nguvu petroli, na gari hukataa kutulia sailensa.

Ili kuitafuta, chovya brashi katika maji ya sabuni. Paka kidogo penye maungio kati ya kabureta na injini, wakati injini inazunguka. Sauti ikibadilika, hapo ndipo panapovuja. Usitumie petroli kwa jaribio hili. Unaweza kuwasha moto.

PETROLI NA KABURETA

Sasa tufuate safari ya petroli: tangi, mrija, chujio, pampu, kabureta. Tangi la zamani huwa na kutu. Kutu ikifika katika jeti, huziba. Gari lenye jeti iliyozibwa hukohoa unapokanyaga mafuta, hasa likiwa na mzigo.

Gari linalozima kwenye foleni wakati wa jua kali, kisha likawaka baada ya kupoa, huenda petroli yake inachemka ndani ya mrija. Tazama kama mrija unapita karibu mno na bomba la moshi. Lakini koili iliyochoka pia huzima ikipata joto. Kwa hiyo gari likizima, pima cheche kabla ya kuamua.

Ukiifungua kabureta, kumbuka mambo mawili. Kwanza, usichokonoe jeti kwa waya. Kitundu kitapanuka na gari litakula petroli siku zote. Pulizia hewa. Pili, kabla ya kutoa skrubu ya kurekebishia, ikaze polepole hadi ifike mwisho, ukihesabu mizunguko. Usiilazimishe. Andika hesabu hiyo. Ukirudisha, irudishe kwa hesabu ileile.

PETROLI ILIYOCHAKACHULIWA

Gari likianza kukohoa mara tu baada ya kujaza petroli, fikiria petroli yenyewe. Wako wauzaji waliokuwa wakichanganya mafuta ya taa na petroli au dizeli kwa kutafuta faida. Watu waliita kitendo hicho uchakachuaji. Mwaka 2010 EWURA ilianza kuweka vinasaba katika mafuta ili mchanganyiko ugundulike. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa, ili wachakachuaji wasione faida.

Petroli yenye mafuta ya taa huwasha injini kwa shida, huleta moshi na mgongano ndani ya injini. Nunua petroli katika kituo cha mafuta. Usinunue ya chupa au ya dumu kando ya barabara. Omba risiti, uihifadhi. Bila risiti ni vigumu kudai haki yako.

MGANDAMIZO

Kama cheche ni nzuri na petroli ni safi, lakini silinda moja bado ni mvivu, mwombe fundi apime mgandamizo kwa geji. Silinda zote zikaribiane. Moja ikiwa chini sana, huenda valvu imeungua, ringi zimelika, au gasketi ya juu imepasuka. Kazi hii ni kubwa na ina gharama. Ndiyo sababu tumeiweka mwisho. Anza na jambo lisilogharimu kitu.

DAFTARI LA GARI

Nunua daftari moja la shule. Andika hivi:

Tarehe: 4 Aprili.
Dalili: Linamisi asubuhi baada ya mvua.
Tulichopima: Silinda ya 3 haifanyi kazi. Plagi imelowa.
Tulichobadili: Waya wa plagi ya 3.
Matokeo: Limetulia.

Badili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha jaribu gari. Ukibadili vitu vitatu pamoja, hutajua kipi kilikuwa kibovu. Mwombe fundi akurudishie kipuri cha zamani. Fundi mwaminifu hatakasirika. Daftari humlinda yeye pia, kwa maana kazi yake nzuri imeandikwa.

Kama huna gari, usidhani somo hili si lako. Pikipiki nyingi za bodaboda na jenereta nyingi ndogo zina kabureta na plagi. Plagi yake nayo husomwa vivyo hivyo.

TAHADHARI

1. Usivute sigara wala kuwasha kibiriti karibu na petroli. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lililopinduka liliwaka moto wakati watu wakichota petroli. Walikufa watu zaidi ya 100.

2. Usinyonye petroli kwa mdomo kwa mpira. Ikiingia katika mapafu inaweza kuua.

3. Usiwashe injini ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wake una sumu isiyonuka.

4. Weka mikono, kanga na mikono mirefu ya shati mbali na feni na mkanda.

MASWALI

1. Taja mambo matatu ambayo injini ya petroli inayahitaji.

2. Plagi nyeusi na kavu inatuambia nini?

3. Kwa nini fundi katika mazungumzo hakuanza na kabureta?

4. Kwa nini tubadili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja?

5. Jadilianeni darasani: Je, yuko mtu kijijini kwenu aliyenunua vipuri visivyohitajika? Angefanya nini kwanza?

6. Andika katika daftari lako ukurasa mmoja wa matengenezo ya gari, pikipiki, baiskeli au cherehani.